Shajara ya dengu: msimu mmoja wa kuhesabu funza kabla ya kushika bomba

2 Aprili, kabla ya kupanda

Msimu uliopita nilipuliza dawa mara nne na bado nikavuna maganda yenye matundu. Kila dawa iliposhindwa nilibadilisha chupa: kwanza ya kijani, kisha ya njano, kisha ile yenye picha ya kiwavi amelala chali. Leo nimezitoa stoo chupa tatu tupu (nilipaswa niwe nimeshazisuuza mara tatu na kuzitoboa zamani) nikasoma maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma. Majina matatu, kampuni tatu, na zote zina namba moja ya kundi, ile inayoonyesha namna dawa inavyomuua mdudu: 3A. Ni pirethroidi. Kumbe sikuwa nimebadilisha dawa, nilibadilisha karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Kwa hiyo msimu huu naandika kila kitu, na makosa yangu yataandikwa pia ili mwingine asiyarudie.

Dengu ninayoisema hapa ni ile yenye kidomo kilichopinda, si adesi wala choroko. Adui mkuu ni funza wa vitumba, *Helicoverpa armigera*, yuleyule anayetoboa pamba, nyanya na mahindi. Nondo jike hutaga mayai mojamoja, mamia kwa mamia, kwenye majani machanga na maua. Kiwavi huanza kwa kukwangua majani, halafu hufuata maua, na akishakomaa huingiza kichwa ndani ya ganda na kuacha mwili nje, kama mtu anayechungulia chunguni. Mmoja akiachwa hadi mwisho anaweza kuharibu maganda 30 au zaidi.

Shamba ni nusu hekta, mita 100 kwa 50. Nimeligawa hivi:

- Kipande cha 1, mita za mraba 1,500: pirethroidi kila baada ya siku 10 kuanzia maua, kama nilivyozoea.
- Kipande cha 2, mita za mraba 1,500: emamektini benzoeti (kundi la 6), kwa kuhesabu wadudu.
- Kipande cha 3, mita za mraba 1,500: klorantraniliproli (kundi la 28), kwa kuhesabu wadudu.
- Kipande cha 4, mita za mraba 500: hakuna dawa kabisa wakati wa maua na maganda.

Kipande cha 4 kimeniuma, maana ni kama kuwapa funza sehemu yao. Lakini bila hicho sitajua dawa imefanya nini na hali ya hewa imefanya nini.

6 Aprili, siku ya 0

Nimepanda. Mistari sentimita 30, mbegu kwa mbegu sentimita 10. Udongo mweusi, unyevu umebaki wa kutosha. Hakuna la kusimulia.

18 Aprili, siku ya 12

Asubuhi nimekuta miche imekatwa usawa wa udongo, mingine imelala palepale na majani yake mabichi. Ukiona hivyo usitafute mdudu juu. Nimefukua sentimita tatu pembeni ya shina lililokatwa nikamkuta sota, kiwavi anayekata miche, amejikunja kama herufi C, wa kijivu, mnono. Hula usiku na mchana hujificha.

Miche 41 imekwenda, karibu yote upande mmoja wa kipande cha 1 ambako magugu yalichelewa kuondolewa. Sikuona sababu ya kupuliza shamba zima. Jioni nimepuliza pirethroidi kwenye mashina tu, katika mistari sita iliyoshambuliwa. Kwa sota dawa hii bado inafaa, maana hutembea juu ya udongo usiku na kuigusa.

25 Aprili, siku ya 19

Sota wameisha, lakini nimejiletea balaa jingine. Katika mistari miwili kati ya ile sita, miche imejikunja, shina limepinda na majani yamekuwa membamba kama kamba. Nilidhani ni ugonjwa. Halafu nikakumbuka kwamba bomba lile nililopulizia lilitumika kuua magugu kwenye shamba la mahindi, na dawa ilikuwa 2,4-D. Nililisuuza kwa maji mara moja nikaona limetakata.

2,4-D hung'ang'ania ndani ya mpira na vali, na dengu ni miongoni mwa mimea inayoiogopa sana. Mistari miwili ya mwanzo ilikunywa mabaki, mistari iliyofuata ilipata maji yaliyokwisha kusafishwa na mistari ya kwanza. Dawa ya wadudu haina hatia.

Nimenunua bomba la pili, nimeliandika WADUDU kwa rangi nyekundu pande zote mbili. Lile la zamani limebaki la magugu. Gharama ya kosa: mistari miwili yenye mita 50 kila mmoja, ambayo sitaihesabu katika matokeo.

10 Mei, siku ya 34

Nimeweka mitego mitatu ya feromoni. Ndani kuna kipande cha mpira chenye harufu ya nondo jike, madume huja na kuanguka kwenye mfuko. Mtego huu haulindi shamba. Majike yanaendelea kutaga kama kawaida. Kazi yake ni kukuambia lini uanze kuinama na kutafuta.

Wiki nzima mtego mmoja haukukamata kitu wakati mingine ilikuwa ikipata wawili, watatu. Nimegundua niliufunga chini ya mti wenye matawi mazito. Nimeuhamishia sehemu ya wazi, juu kidogo ya vichwa vya mimea, na usiku wa kwanza ukakamata watano.

22 Mei, siku ya 46

Maua yameanza. Mitego kwa usiku mbili mfululizo: 11 na 14. Nimeanza kuhesabu.

Namna ninavyohesabu: kitambaa cheupe kinawekwa chini kati ya mistari, mimea ya mita moja ya mstari inainamishwa juu yake na kutikiswa kwa nguvu, kisha nahesabu vilivyoanguka. Nachagua sehemu 10 katika kila kipande, si za kando ya njia, na natoa wastani. Naanza mapema kabla jua halijawa kali. Shamba zima linanichukua dakika 40, na nitafanya hivyo mara mbili kwa wiki.

Siku ya kwanza nilikosa nusu ya wadudu. Nilikuwa natafuta kiwavi wa kijani anayefanana na picha za kwenye chupa. Aliyetoka kwenye yai jana ana milimita moja au mbili, mweupe-kahawia, kichwa cheusi, na kwenye kitambaa anaonekana kama uchafu mpaka aanze kutembea. Sasa nasubiri hesabu ya sekunde 30 baada ya kutikisa. Uchafu hautembei.

Wastani ni 0.4 kwa mita. Mpaka ninaoutumia ni funza 1 kwa mita moja ya mstari. Chini ya hapo napiga kelele tu sipulizi. Ila kipande cha 1 kinaenda kwa kalenda, kwa hiyo jioni nimekipuliza pirethroidi.

Pembeni kidogo: suruali yangu imeliwa magotini. Majani ya dengu hutoa matone ya asidi, maliki na oksaliki, ndiyo maana wadudu wengi wanaosumbua jamii ya kunde huipita dengu. Asidi hiyohiyo humfukuza pia nyigu mdogo *Trichogramma* ambaye kwenye mazao mengine hutumika kuua mayai ya funza. Aliyekuwa na mpango wa kuagiza nyigu hao kwa ajili ya dengu aache.

27 Mei, siku ya 51

Wastani kwa mita: kipande cha 1: 0.9; cha 2: 1.3; cha 3: 1.2; cha 4: 1.4. Wengi ni wadogo, chini ya milimita 7. Hii ndiyo siku yenyewe. Dawa hizi mbili mpya zinafanya kazi hasa zikiliwa, na kiwavi wa ukubwa huu bado anakula nje, kwenye majani na maua. Akishaingiza kichwa kwenye ganda anakula mahali ambapo dawa haijafika.

Vipimo nilivyofuata, kwa lebo za dawa nilizonazo: emamektini ya asilimia 5, gramu 220 kwa hekta, klorantraniliproli ya asilimia 18.5, mililita 125 kwa hekta. Maji lita 500 kwa hekta. Kwa kipande cha mita za mraba 1,500 hiyo ni gramu 33 za emamektini, au karibu mililita 19 za klorantraniliproli, ndani ya lita 75, yaani mabomba matano ya lita 15. Kila bomba la emamektini gramu 6.6. Nimepima kwa mizani ndogo, si kwa kizibo. Lebo yako ikisema vingine, fuata lebo yako.

Nozeli, kile kichwa cha bomba kinachotoa dawa, ni ile ya koni tupu, inayotoa matone madogo yanayozunguka na kuingia katikati ya majani. Ile bapa nimeiacha kwenye bomba la magugu.

Nimeanza saa kumi na moja jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Dengu hujichavusha yenyewe lakini nyuki huitembelea, na emamektini ikiwa mbichi ni kali kwao. Jua nalo huiharibu dawa hii ikiwa juu ya jani. Ikipulizwa jioni hupata usiku mzima wa kuzama ndani ya jani.

Nimemaliza kipande cha 2 kwa mabomba mawili na zaidi kidogo ya nusu. Matano niliyopanga yamebaki nusu yake. Nimefurahi kwamba nimeokoa maji na dawa.

28 Mei, siku ya 52

Kijana anayenisaidia amepuliza kipande cha 3 leo jioni. Ametumia mabomba manne na nusu kwa eneo lilelile. Nimemwambia anamwaga dawa. Amenyamaza, akaenda kuosha bomba.

31 Mei, siku ya 55

Siku nne baada ya emamektini, kipande cha 2 kina wastani wa 0.8. Kimeshuka kutoka 1.3, lakini sivyo inavyotakiwa. Kiwavi aliyekula emamektini huacha kula ndani ya saa chache na kufa kwa siku mbili hadi nne; leo nilitegemea kukuta mizoga tu. Waliobaki wanatembea na wameongezeka ukubwa.

Kipande cha 3 kina 0.2. Viwavi nilioona wamelegea, wamekuwa wafupi, hawashiki jani. Klorantraniliproli hufungua milango ya kalsiamu ndani ya misuli ya mdudu, kalsiamu yote inamwagika, misuli inakaza halafu haiwezi kufanya kazi tena. Kutafuna ni misuli. Ndiyo maana hata kabla kiwavi hajafa, ganda limesalimika.

Kipande cha 1: 1.5. Kipande cha 4: 1.9.

Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba emamektini imeshindwa na huenda funza wangu ni sugu. Kijana ndiye aliyenizuia. "Mzee, mimi simwagi. Wewe ndiye unakimbia."

Tumepima. Kamba ya mita 10 kwa 10, maji matupu, kila mmoja apulize kwa mwendo wake. Mimi: hatua za mita 10 kwa sekunde 8, maji lita 2.6. Yeye: sekunde 14, lita 4.6. Bomba lilelile, nozeli ileile. Mimi natoa lita 260 kwa hekta, yeye 460. Na kwa kuwa niliipima dawa kwa kila bomba nikidhani nitatumia mabomba matano, kipande cha 2 kilipata takriban nusu ya dawa. Yeye alikuwa karibu kabisa na kipimo. Dawa niliyosema nimeiokoa ndiyo iliyotakiwa kuwa kwenye majani.

Nimemwomba radhi. Kisha nikakaa nikawaza msimu uliopita. Miguu ilikuwa hiihii. Kila nilichokiita dawa feki kilipita kwanza kwenye mwendo wangu. Na hapo kuna ubaya zaidi ya hasara ya dawa: nusu ya kipimo huua wanyonge na kuwaacha wale wenye uwezo kidogo wa kuhimili, nao ndio wanaozaana.

Kwa anayetaka kunakili kipimo hiki: usiweke dawa. Maji matupu, eneo la mita za mraba 100, mavazi na mwendo uleule utakaotumia shambani. Ujue lita ulizotumia, zidisha kwa 100, hiyo ni lita kwa hekta. Halafu ndipo ugawe dawa. Ningeweza kubaki na mwendo wangu na kuweka gramu 12.7 kwa bomba badala ya 6.6, hesabu ingetimia. Nimechagua kupunguza mwendo kwa sababu mimea imefungana na lita 260 hazifiki katikati.

1 Juni, siku ya 56

Kipande cha 2 kimepulizwa tena. Swali lilikuwa: emamektini kwa kipimo kamili, au kundi jingine? Waliobaki ni wale waliopona nusu dozi ya kundi la 6. Sikutaka kuwapa darasa la pili kwa mwalimu yuleyule. Nimetumia spinosadi, kundi la 5, kwa kipimo cha lebo. Mabomba matano, nikihesabu hatua kwa sauti kama askari wa gwaride.

Dawa hizi mbili zimetoka kwenye udongo. Emamektini ni ndugu wa avamektini, iliyopatikana kwa bakteria wa udongo wa Japani. Kazi hiyo ilimpa Satoshi Ōmura na William Campbell Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ingawa kwa sababu ya minyoo ya binadamu na si ya dengu. Spinosadi inatokana na bakteria aliyeokotwa mwaka 1982 kwenye kiwanda cha pombe kilichoachwa, visiwa vya Karibiani. Kuwa na asili ya udongo hakumaanishi unaweza kuchanganya kwa mikono mitupu. Glavu, barakoa, nguo ndefu, na upepo mgongoni.

Kipande cha 1 nacho kimepata pirethroidi yake ya pili, safari hii kwa mwendo sahihi. Ile ya 22 Mei niliikimbia, kwa hiyo nayo ilikuwa nusu. Lazima niandike hivyo, la sivyo ninaionea.

7 Juni, siku ya 62

Wastani: kipande cha 1: 2.1; cha 2: 0.3; cha 3: 0.2; cha 4: 1.8.

Kipande nilichopuliza pirethroidi mara mbili kina funza wengi kuliko kile ambacho sijapuliza kitu. (Nyongeza, 8 Juni: nimehesabu upya nikapata karibu vilevile.)

Safari hii miguu yangu haina kosa, maana dozi ya pili ilikuwa kamili. Naona sababu mbili. Ya kwanza ni usugu wa kweli. Funza huyu ameanza kuhimili pirethroidi zamani: uliripotiwa Australia mwaka 1983, na India mwaka 1987. Ana vimeng'enya vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Ya pili nimeiona kwa macho kwenye kipande cha 4. Huko kuna vifukofuko vidogo vya hariri juu ya majani, kando yake ngozi ya kiwavi mdogo iliyonyauka. Ni kazi ya nyigu wanaotaga ndani ya kiwavi. Katika mita 10 za kipande cha 4 nilihesabu vifukofuko 9, kipande cha 3 vilikuwa 6, kipande cha 1 kimoja. Pirethroidi haijaua funza lakini imeua wanaowaua.

Nimesimamisha nafsi yangu isiongeze kipimo kwenye kipande cha 1. Kuongeza kwa mdudu sugu ni kupiga kelele kwa kiziwi.

19 Juni, siku ya 74

Wimbi la pili. Mitego imekamata 9, 13, 12 kwa usiku tatu. Maganda yanajaa.

Kipande cha 3 kimefika 1.2, wadogo. Siku 22 zimepita tangu klorantraniliproli. Imelinda vizuri kwa wiki tatu. Ilikuwa rahisi kurudia kitu kilichofanya kazi, na hapo ndipo nilipoharibu msimu uliopita. Wimbi hili ni watoto wa waliopona, kwa hiyo kundi lazima libadilike. Nimetumia indoksakabu, 22A. Hii ina ujanja wake: inayopulizwa bado haijakamilika, tumbo la kiwavi lenyewe ndilo linaloigeuza kuwa sumu kali. Nimeangalia kwanza muda wa kusubiri kabla ya kuvuna ulioandikwa kwenye lebo. Uvunaji uko mwezi mmoja mbele, kwa hiyo hakuna tatizo.

Kipande cha 2 kina 0.7. Sijapuliza. (Nyongeza, 22 Juni: kimefika 0.8, bado sijapuliza, ingawa mkono unawasha.)

Kipande cha 1 kilishapata pirethroidi ya tatu tarehe 11 na kina 2.4, wengi wao zaidi ya milimita 24. Nimegawa kipande hicho mara mbili, nusu nikaipuliza indoksakabu ileile ya kipande cha 3, kwa mwendo uleule, jioni ileile. Nilitaka kujua kama dawa nzuri inaweza kuokoa shamba lililochelewa.

26 Juni, siku ya 81

Haiwezi. Kipande cha 3 kimeshuka hadi 0.2. Nusu ya kipande cha 1 iliyopata dawa ileile imeshuka kutoka 2.4 hadi 1.7, na maganda yaliyotobolewa hayajazibika. Niliwakuta wakubwa wamezamisha kichwa ndani ya ganda, matone yamekauka mgongoni mwao. Mkubwa anahitaji sumu nyingi zaidi kuliko mdogo, na anakula ndani ambako hamna kitu. Mabomba mawili na nusu yamekwenda bure.

Kwenye kipande cha 4 tumejaribu kuokota kwa mikono. Watu wawili, kwa muda wa saa tatu, mita za mraba 500, funza 380 hivi kwenye ndoo. Kwa bustani ndogo inawezekana. Kwa hekta nzima, hapana.

19 Julai, siku ya 104

Tumevuna. Mistari miwili ya 2,4-D imeachwa nje ya hesabu, na kipande cha 1 kimerekebishwa kwa eneo hilo.

Nimechukua maganda 200 bila kuchagua kutoka kila kipande. Yaliyotobolewa: kipande cha 1: 58; cha 2: 31; cha 3: 17; cha 4: 63.

Dengu safi, kwa mita za mraba 1,500: kipande cha 1 kilo 118, cha 2 kilo 161, cha 3 kilo 186. Kipande cha 4 kilitoa kilo 37 katika mita za mraba 500, sawa na 111 kwa eneo la wenzake.

Gharama kwa jasho na dawa: kipande cha 1 kimepulizwa mara tatu na nusu, kimenipa kilo 7 tu zaidi ya kutofanya lolote. Hata mafuta ya kwenda kuchukua dawa hayarudi. Kipande cha 2 mara mbili, na ya kwanza ingetosha kama ningetembea. Kipande cha 3 mara mbili. Kuhesabu kulichukua dakika 40 mara mbili kwa wiki kwa wiki tano, chini ya saa saba kwa jumla, zaidi kidogo tu ya muda tuliookota funza kwa mikono kwenye kipande cha 4 peke yake, tukijumlisha watu wawili.

Mtu akiona kipande cha 3 kimekishinda cha 2 asiseme klorantraniliproli ni bora kuliko emamektini. Huu haukuwa ushindani wa haki, mmoja alikimbizwa. Msimu ujao nitazipima upya, na dozi zote zitapulizwa na kijana.

10 Septemba

Nilidhani shajara imekwisha. Niliacha kilo 20 kwenye gunia la kawaida kwa ajili ya mbegu, zilizobaki ziko kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Leo nimefungua gunia: punje zina matundu ya mviringo kana kwamba zimepigwa msumari, na mende wadogo wa kahawia wanakimbia mkononi. Ni fukusi wa kunde, *Callosobruchus*. Hubandika yai juu ya punje, mtoto huingia ndani na kula hadi atoke akiwa mkubwa. Wengine hutoka shambani wakiwa tayari ndani ya punje, kwa hiyo usafi wa ghala peke yake hautoshi.

Kijana alipendekeza tupulize ile emamektini iliyobaki juu ya gunia. Hapana. Dawa ya shambani haiendi kwenye punje ya kuliwa, wala haitamfikia aliye ndani ya punje. Nimefungua mfuko mmoja usiopitisha hewa kulinganisha: fukusi wanne wamekufa chini, punje nzima. Hewa iliwaishia.

Kilo 20 za gunia zimekwenda kwa kuku. Mbegu ya msimu ujao imetoka kwenye mfuko, nimeufunga tena mara mbili. Kamba ya mita 10 imefungwa kwenye mpini wa bomba jekundu, pamoja na karatasi yenye mstari mmoja: sekunde 14.